Paka Wawili wa Nyumba Moja

Katika nyumba nyingi za pwani paka hafugwi kwa uzuri wake, bali kwa kazi yake. Palipo na ghala ya mahindi, palipo na magunia ya mpunga au ya mbata, hapo panya hawakosi; na palipo na panya, paka ni mlinzi asiyedai mshahara. Hula mabaki ya samaki, hulala mchana kutwa, na usiku hufanya kazi ambayo mwenye nyumba haioni ila kwa matokeo yake, yaani magunia hayatobolewi.

Bibi mmoja wa Pangani, mji ule ulio kwenye mlango wa mto, alikuwa na paka wawili wa kike. Mmoja alikuwa mweusi ti, akaitwa Kaniki. Wa pili alikuwa mweupe, akaitwa Bafta. Walizaliwa siku moja kwa mama mmoja, ndani ya pakacha lililotupwa nyuma ya jiko. Kwa muda wa miaka mitatu haukusikiwa ugomvi kati yao. Walikula katika sahani moja ya bati, walilambana masikio, na wakati wa baridi ya kusi walilala katika kikapu kimoja, hata kama si rangi zao mtu asingeweza kutambua mkia huu ni wa nani. Watoto wa jirani walipenda kusema kwamba yule ni paka mmoja mwenye vichwa viwili.

Jioni moja, jua limekwisha kuchwa, Bafta alikuwa amekaa katika dirisha la ukumbini. Dirisha lile lilikuwa na wavu wa kuzuia mbu. Mjukuu wa Bibi, mvulana wa darasa la sita, alikuwa akisoma kando ya taa. Mara akaona mkia wa Bafta umetuna kama brashi ya kuoshea chupa, na akasikia ngurumo ndogo itokayo kifuani mwake, sauti ambayo haikupata kusikiwa katika nyumba ile. Mvulana alichungulia nje, asione kitu ila giza. Wakati uo huo Kaniki alitokea jikoni, mkia wima kama ilivyokuwa desturi yake, akaja kumsugulia nduguye shavu. Alipokuwa amebakiwa na hatua mbili tu kumfikia, Bafta aliruka kutoka dirishani akamwangukia kwa makucha na meno.

Ilikuwa kama mpira wa manyoya meusi na meupe unaobingirika ukumbini. Mtungi ulianguka ukavunjika. Mvulana alitia mkono katikati ili awaamue, akaumwa kwenye kifundo cha mkono. Kwa uchungu na hasira akashika ufagio, akampiga yule aliyekuwa karibu. Naye alikuwa Kaniki, asiye na kosa lolote. Kaniki alipata mwanya, akapanda ukuta, akaingia darini.

Bibi alikuwa kwa jirani. Aliporudi aliona vigae vya mtungi na maji sakafuni, akaambiwa kwamba paka wamegombana. Mvulana hakusema neno juu ya mkono wake, kwani aliogopa kukemewa. Akaufunga kwa kitambaa akaenda kulala. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko la kutia mkono, kama itakavyoonekana.

Asubuhi Kaniki alishuka polepole. Bafta alipomwona, manyoya yakamsimama upya, na mara hii Kaniki naye alifoka kabla hajaguswa. Wakapigana tena penye mlango wa jiko, hata Bibi akatupa ungo katikati yao, nao wakaachana. Kaniki alirudi darini, na kwa hofu yake akakojoa juu ya mkeka mpya uliowekwa huko. Ndipo Bibi alipouona mkono wa mjukuu wake. Ulikuwa umevimba, mwekundu, na moto ukiguswa. Meno ya paka ni membamba kama sindano. Hutoboa kidogo juu lakini huenda chini sana, nayo hupeleka ndani vijidudu vya mdomoni mwake. Jeraha la paka laweza kuvimba katika muda wa saa chache tu.

Bibi hakungoja chai. Hospitalini mwuguzi aliliosha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, akampa mvulana dawa ya kuzuia uvimbe, akamchoma sindano ya kwanza ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo una jina la mbwa, lakini paka naye huupata na kuuambukiza kwa kuuma. Mtu akishaanza kuonyesha dalili zake, ni nadra mno kupona. Lakini akichanjwa mapema kabla ya dalili, husalimika. Chanjo hiyo ilijaribiwa juu ya mtoto mara ya kwanza na Louis Pasteur huko Ufaransa mwaka 1885, na tangu hapo imewaokoa watu wengi sana. Kuosha jeraha vizuri kwa sabuni, na kuosha mara moja, ni nusu ya dawa yenyewe. Mvulana alikuwa ameipoteza nusu hiyo kwa usiku mzima.

Mwuguzi aliuliza, “Na paka yuko wapi?”

“Yupo nyumbani,” Bibi alijibu, “lakini leo hii ataondoka. Atatiwa katika gunia avushwe mpaka Bweni, ng'ambo ya mto. Siwezi kukaa na mnyama anayemla mjukuu wangu.”

Mwuguzi alimwomba asifanye hivyo mpaka aonane na bwana mifugo, naye mwenyewe akampelekea bwana mifugo habari.

Bwana mifugo alifika baada ya adhuhuri. Gunia lilikuwa tayari barazani, na kamba juu yake. Jirani mmoja alikuwa ameketi pale, akisema kwamba paka aliyegeuka ghafula hivi hakugeuka peke yake, bali ameingiwa na pepo, na kumtupa ng'ambo ya mto ni vizuri kwa sababu pepo hapendi kuvuka maji.

“Hodi! Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kwa wakati, tulikuwa tukitafuta mtu wa kumfunga.”

“Ahsante. Lakini nina swali moja kwanza. Ukimtupa Bweni, ni nani atakayejua kama alikuwa na kichaa au hakuwa nacho?”

Bibi alinyamaza. Bwana mifugo akaeleza kwamba paka au mbwa aliyekwisha kuwa na kichaa cha kuambukiza, hazipiti siku 10 tangu kuuma kwake ila ataugua waziwazi na kufa. Kwa hiyo mnyama aliyeuma, ikiwa aweza kufungwa mahali salama, hufungwa siku 10 akitazamwa. Akiwa mzima siku ya kumi, yajulikana kwamba mate yake hayakuwa na sumu ile siku aliyouma, na mganga aweza kuzikatiza sindano. Akitupwa au akipotea, hakuna njia ya kujua. Basi gunia likaondolewa barazani, walau kwa siku 10.

Kisha alianza kuuliza kama kadhi. Je, Bafta amekula leo? Amekula. Amekunywa maji? Amekunywa. Atoka ute mdomoni? Apepesuka? La. Amechanjwa mwaka huu? Hapo Bibi alitazama chini, kwani hakuchanjwa. Bwana mifugo akavaa mifuko minene ya mikono, akampapasa Bafta polepole tangu kichwani hata mkiani, akitafuta jipu, mfupa ulioteguka au jino lililooza. Maana paka haonyeshi maumivu kwa kulia kama mtoto, bali huyaficha, na yule aliyemzoea akimgusa mahali paumapo, hupigwa. Hakuona kitu.

“Kabla ya kumrukia mwenzake, alikuwa wapi?”

“Dirishani, Bwana,” mvulana alijibu.

“Alitazama nini?”

“Hakukuwa na kitu. Giza tu.”

Bwana mifugo alitabasamu, akatoka nje, akazunguka nyumba. Chini ya dirisha, juu ya chokaa ya ukuta, palikuwa na alama ya maji yaliyokauka, kimo cha goti, yenye harufu kali ya kuchoma pua. Mchangani palikuwa na nyayo za paka kubwa kuliko za Bafta. Kando yake vilitapakaa vichwa vya samaki vilivyotupwa kutoka jikoni.

“Hapa amepita shume,” alisema.

Jirani naye, ambaye alikuwa amewafuata, alikumbuka kwamba tangu wiki ile shume mmoja mkubwa, mwenye sikio lililochanika, alikuwa akizungukazunguka katika mtaa. Habari ya pepo haikutajwa tena.

Mambo yalikuwa hivi. Binadamu huona giza, lakini paka huona. Hutosheka na mwanga ulio kama sehemu moja ya sita tu ya ule umtoshao mtu. Tena masikio ya mtu husikia sauti zenye mitetemo ipatayo 20,000 kwa nukta moja, nazo zikipita hapo kwake ni kimya; masikio ya paka hufikia karibu 85,000. Bafta alimwona shume, alimsikia, na upepo ukamletea harufu yake. Mgeni amesimama mpakani mwa nchi yake, amepaka ukuta wake mkojo, naye Bafta hawezi kumfukuza kwa sababu ya wavu. Hasira na hofu vikampanda, wala havikuwa na pa kutokea. Kwa bahati mbaya wa kwanza kumkaribia alikuwa nduguye.

“Mtu aliyetukanwa sokoni na mkubwa asiyeweza kumjibu,” bwana mifugo alimwambia mvulana, “pengine akirudi nyumbani humpiga mbuzi teke. Mbuzi hakumtukana. Bafta alifanya vivyo hivyo.”

“Lakini, Bwana, shume alikwenda zake. Mbona walipigana tena asubuhi?”

Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo lililo gumu katika habari hii. Kwanza, damu ya paka iliyochemka haipoi upesi. Huweza kukaa katika hali ile kwa saa nyingi, pengine siku nzima na zaidi, ijapokuwa kwa macho aonekana ametulia. Pili, na hili ni kubwa zaidi, kila mmoja husoma mwili wa mwenzake. Mjerumani Paul Leyhausen, aliyetoa kitabu juu ya tabia za paka mwaka 1956, alichora nyuso za paka mmoja baada ya mwingine, kuonyesha jinsi hofu na ukali vinavyochanganyika. Paka mkali masikio yake husimama, lakini hugeuka hata mgongo wa sikio waonekana kwa mbele. Paka mwenye hofu masikio yake hulala ubavuni mwa kichwa, na mboni zake hupanuka zikawa nyeusi tupu. Akiwa na vyote viwili hupinda mgongo kama upinde. Sasa Kaniki alishuka darini akiwa na hofu, mwili umejikunja, masikio yamelala. Bafta hakuona humo nduguye wa kikapuni, bali aliona mnyama aliye tayari kupigana, akajitunisha. Kaniki alipoona ametunishiwa, hofu ikazidi, akafoka. Hivyo kila mmoja alikuwa akijilinda, na kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndiye aliyeanza. Ugomvi wa namna hii waweza kuendelea miezi, hali aliyeuleta amekwisha kusahauliwa.

Ingekuwa ni mbwa, huenda wangepatana siku ile ile. Kwa nini paka hawezi? Sharti kurudi nyuma sana kupata sababu. Paka wa nyumbani ametoka kwa paka mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Karibu, mnyama wa rangi ya mchanga mwenye milia hafifu, ambaye jamaa zake wako hata leo katika mbuga za Afrika. Mwaka 2007 wataalamu waliolinganisha asili ya paka wa nchi mbalimbali walithibitisha habari hiyo. Urafiki wake na watu si wa jana. Mwaka 2004 wachimbuzi wa Kifaransa walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kipro wamekuta kaburi la mtu la miaka ipatayo 9,500 iliyopita, na karibu naye, umbali usiofika nusu mita, mifupa ya paka wa miezi minane hivi aliyezikwa kwa uangalifu. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili; kwa hiyo yule alipelekwa na watu katika chombo. Walipoanza kulima na kuweka nafaka panya walikuja, na paka akaja kwa ajili ya panya, kama vile ghalani mwa Bibi.

Lakini paka mwitu huwinda peke yake. Windo lake ni panya, nalo halitoshi wawili. Kila mmoja ana nchi yake, naye huweka alama mpakani ili wengine wapite mbali bila kuonana. Simba na mbwa mwitu huwinda pamoja. Wakigombana leo, kesho sharti wapatane, ama sivyo wote watalala njaa. Kwa hiyo wana njia nyingi za kuomba radhi. Mbwa hulala chali, hujikunyata, hulamba mdomo wa mkubwa wake. Paka hakuhitaji kujifunza hayo. Njia yake ya kumaliza ugomvi ni moja tu: kuondoka aende mbali. Ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, mbali ni wapi?

Hata hivyo si kweli kwamba paka hawezi kuwa na rafiki. Palipo na chakula kingi, kama kwenye soko la samaki, paka wa kike walio ndugu hukaa pamoja, tena hunyonyeshana watoto wao. Dalili ya udugu wao ni harufu. Paka ana tezi katika mashavu, kwenye paji la uso, mkiani na katika nyayo. Anapomsugua mwenzake humpaka harufu yake na kuichukua ya mwenzake, na wote walalao pamoja hupata harufu moja, kama watu wa nyumba moja watumiao udi mmoja. Zaidi ya pua, ana kiungo kingine juu ya kaakaa, kiitwacho kiungo cha Jacobson kwa jina la mganga wa Denmark aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19. Ndiyo maana pengine paka hunusa kitu kisha husimama amefumbua mdomo nusu, kama mtu aliyeshangaa; anaionja harufu.

Kwa sababu hiyo ugomvi wa ghafula waweza kuja hata bila shume. Paka mmoja akipelekwa kwa mganga wa wanyama, akirudi ananuka dawa na hofu, aliyebaki nyumbani hamtambui, humfokea kama mgeni. Mwenye nyumba hushangaa, kwani kwa macho yake ni paka yule yule. Wengine huanza kugombana wanapofikia utu uzima, na wengine kwa ugonjwa wa uzee. Madume wasiohasiwa hugombana kwa kawaida tu, wala hakuna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Mvulana alipoyasikia hayo aliuliza kama ufagio nao ulizidisha ugomvi. Bwana mifugo hakumficha. Kaniki alipigwa wakati anapomtazama Bafta. Katika akili ya paka, uchungu ule ulitoka kwa Bafta. Mvulana alikwenda akakaa nyuma ya nyumba peke yake kwa muda.

Bafta alifungiwa ghalani, pamoja na maji, chakula, na sanduku la mchanga wa kujisaidia. Kaniki aliachiwa nyumba. Kwa siku mbili hawakuonana wala hawakusumbuliwa. Vichwa vya samaki vilizikwa, ukuta ulisuguliwa kwa sabuni, na nusu ya chini ya dirisha ilizibwa kwa kitambaa. Shume mwenyewe alinaswa baadaye kwa mtego wa sanduku, akahasiwa. Naye akapunguza matembezi yake.

Siku ya tatu ilianza kazi ya mvulana. Alichukua vitambaa viwili safi, akamsugua Kaniki mashavu kwa kimoja na Bafta kwa kingine, kisha akavibadili. Kaniki alikifokea kitambaa kana kwamba kina meno. Kikaachwa sakafuni, na dagaa wakawekwa karibu nacho, siku ya pili karibu zaidi, na siku ya tatu juu yake. Akala. Kisha sahani ziliwekwa pande mbili za mlango wa ghala uliofungwa, kila moja hatua tatu kutoka mlangoni, na kila siku zikasogezwa shubiri moja. Ikiwa mmoja alikataa kula au alitega masikio, sahani yake ilirudishwa nyuma. Shauri lake lilikuwa hili: kila harufu ya mwenzake inapomjia, imjie pamoja na kitu kitamu, hata moyo wake ubadili hesabu.

Siku ya kumi bwana mifugo alirudi. Bafta alikuwa mzima, amenenepa kwa panya wa ghalani, akachanjwa papo hapo pamoja na Kaniki. Hospitalini waliambiwa kwamba sindano zilizosalia hazina haja. Kwa furaha mvulana alirudi mbio, akaufungua mlango wa ghala wote, akaita, “Haya, tokeni, mmesamehewa!”

Walitazamana kwa muda wa kupumua mara mbili. Kisha Bafta alitoka kwa haraka, Kaniki akapiga ukelele, na yote yakaanza upya. Bibi aliwahi kwa ungo wake, hapana aliyejeruhiwa. Lakini Kaniki alikaa darini siku mbili bila kula, na kazi ya juma zima ikapotea. Mvulana alilia. Bibi, ambaye alikuwa na haki ya kuleta gunia tena, hakulileta. Alimwambia tu, “Wali ukishamwagika, mjukuu wangu, hupikwa mwingine,” akaenda kununua dagaa.

Safari ya pili walikwenda polepole zaidi. Mlango ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa upana wa vidole viwili, na baadaye ukapigiliwa kipande cha wavu wa samaki uliokunjwa mara mbili, ili waonane bila kugusana. Mvulana alifunga nyoya la kuku katika uzi, akamchezesha huyu upande huu na Bibi akamchezesha yule upande wa pili. Maana paka anayecheza amesahau kutunisha mkia. Baadaye wavu uliondolewa kwa muda wa mlo mmoja tu, sahani zikiwa mbali, na mara mlo ulipokwisha ulirudishwa, kabla hawajapata nafasi ya kukumbuka uadui wao. Kila siku muda uliongezwa kidogo.

Bwana mifugo aliagiza tena kwamba pasiwe na kitu kimoja cha kugombewa. Sahani mbili, katika pembe mbili. Masanduku ya mchanga matatu, yaani moja kwa kila paka na moja zaidi. Mahali pawili pa juu pa kulala, na njia mbili za kufika huko, ili mmoja asimzuie mwenzake mlangoni. Bibi alinung'unika kwamba sasa paka wataka kutunzwa kama wake wenza, kila mmoja na nyumba yake. Lakini alitoa sahani.

Hawakurudi katika kikapu kimoja. Bafta amezoea kulala ghalani juu ya magunia, na Kaniki juu ya rafu ya ukumbini. Wakikutana mlangoni mmoja hungoja, wa pili hupita. Panya hawapati nafasi mahali pote pawili, na Bibi husema kwamba huenda mpango huu wafaa kuliko wa kwanza.

Mvulana alikuwa akiandika habari zao kila jioni katika daftari lake, kwa mistari michache. Mstari wa mwisho ni huu: “Siku ya 47. Wamegusana pua. Hapana aliyefoka.”

Maswali

1. Kwa nini mwuguzi hakutaka Bafta atupwe ng'ambo ya mto?
2. Eleza dalili zilizomwonyesha bwana mifugo kwamba shume amepita.
3. Mbwa hupatana upesi kuliko paka. Ni sababu gani iliyotolewa?
4. Mtazame paka wa nyumbani kwenu kwa siku moja. Andika ni vitu gani alivyovisugua kwa mashavu yake, na masikio yake yalikuwaje alipomwona paka mwingine. Usimsogelee wala kumgusa wakati mkia wake umetuna.